Aliyeshindwa Yuko Wapi?



Ndugu zangu wasomaji, kina mama na kina baba, leo naomba kuwasimulia habari ya mchezo ambao nyumbani kwetu Marereni haukuwa ukijulikana, na jinsi ulivyonifunulia jambo nililolificha moyoni tangu utotoni. Mchezo wenyewe ni badmintoni, ambao baadhi ya watu huuita mpira wa vinyoya.

Wasioujua niwaeleze kwa ufupi. Wachezaji wawili, au wanne wakicheza wawili wawili, husimama pande mbili za wavu ambao kwenye nguzo zake una kimo cha mita 1.55. Kila mmoja ana raketi nyepesi mkononi. Badala ya mpira hupigwa kinyoya, nacho hutengenezwa kwa manyoya 16 ya bata bukini yaliyochomekwa kwenye kizibo. Uzani wake hauzidi gramu 5.5. Mimi ni mke wa mtu anayefanya kazi katika mabwawa ya chumvi, na uzani huo naujua kwa kiganja: ni kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Anayetangulia kufikisha pointi 21 hushinda seti, na anayeshinda seti mbili hushinda mechi.

Kitu chepesi namna hiyo hakipatani na upepo wa kwetu. Binti yangu alipoanza kucheza alifunga wavu wa zamani wa wavuvi baina ya mivinje miwili nyuma ya nyumba, na kila kusi ilipovuma kinyoya kilimwacha kikaenda zake kwa majirani. Mashindano makubwa yote huchezwa ukumbini kwa sababu hiyo. Shuleni kwao, ambako hakuna ukumbi, huondoa meza za bwalo la chakula na kuchora mistari ya chokaa sakafuni.

Mwaka 2023, akiwa kidato cha kwanza, mwalimu wao wa michezo alikuja nyumbani kuniomba ruhusa. Badmintoni ni miongoni mwa michezo inayoshindaniwa na shule za sekondari nchini, kuanzia kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo zima la Pwani, hadi taifa na Afrika Mashariki. Alitaka binti yangu awemo katika timu. Nilimkaribisha, nikampa chai na mahamri, kisha nikamwambia hapana.

Sababu niliyoitoa ilikuwa mavazi. Nilisema mtoto wa Kiislamu hawezi kuruka-ruka mbele ya watu kwa kisketi. Mwalimu yule, ambaye naye ni mwanamke, hakubishana nami. Alinieleza kwa upole kwamba msichana anaruhusiwa kuvaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na hijabu yake. Nikahamia sababu ya pili, safari. Akasema yeye mwenyewe atasafiri nao na kulala nao. Nikahamia ya tatu, masomo. Alipoondoka, mume wangu aliyekuwa kimya muda wote aliniuliza, "Mama watoto, hasa unaogopa nini?" Sikumjibu, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Binti yangu hakulia wala hakununa. Alikunja wavu wake akauweka juu ya kabati, na Januari ya mwaka 2024 ilipofika akaniomba jambo moja tu: kila mwisho wa juma nimpe simu yangu kwa saa moja aangalie mashindano ya dunia. Nilikubali, kwa sababu mtu aliyekataa jambo kubwa hupenda kujionyesha mwema katika dogo. Basi jioni hizo tukawa tunakaa kibarazani watatu: yeye, mimi, na mavyaa wangu, ambaye macho yake yamepungua nuru lakini ulimi wake haujapungua kitu.

Msimu wa badmintoni ya dunia ni kama msafara usiopumzika. Huanza Januari Kuala Lumpur, Malaysia, kisha huenda India. Machi huingia Birmingham, Uingereza, katika mashindano ya All England yaliyoanza mwaka 1899. Juni huwa Jakarta, Indonesia. Kisha huendelea Uchina na kwingineko, hadi Desemba ambapo wanane bora wa mwaka katika kila fungu hukutana kwa fainali za msimu. Mashindano mengi huanza Jumanne na kumalizika Jumapili. Katika yale makubwa huingia wanawake 32 wa mchezo wa mmoja mmoja. Baada ya raundi tano hubaki mmoja tu ambaye hakushindwa, na wale 31 wote hufunga mikoba yao na kichapo.

Hesabu hiyo sikuitambua mimi. Aliitambua mavyaa. Mwezi huo wa Januari, Kuala Lumpur, fainali ilikuwa baina ya An Se-young wa Korea Kusini na Tai Tzu-ying wa Taiwan. An Se-young alishinda, watu wakashangilia, akapewa kombe. Mjukuu akamsimulia bibi yake yote hayo kwa furaha. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akatia tambuu kinywani, akauliza, "Haya, huyo kashinda. Na yule aliyeshindwa yuko wapi?"

Mjukuu hakuwa na la kusema, maana picha zilikuwa zote za mshindi. Lakini juma lililofuata alikuja mbio kibarazani na simu mkononi. "Bibi, aliyeshindwa yuko Delhi!" Na kweli: siku chache tu baada ya kufungwa Malaysia, Tai Tzu-ying alicheza mashindano ya India, naye ndiye aliyeondoka na ubingwa. Na yule An Se-young aliyekuwa bingwa wa juma lililopita aliumia huko Delhi akajiondoa kabla ya nusu fainali. Mavyaa alitikisa kichwa kama mtu aliyepata habari njema ya jamaa yake. Tangu siku ile swali lake likawa ndilo hilo kila Jumapili, na mjukuu akawa hamfuati mshindi peke yake. Alimtafuta pia aliyeshindwa, amekwenda mji gani na ameanza upya vipi.

Mwezi wa Machi, juma lilelile tuliloanza kufunga Ramadhani ya mwaka 1445, yalichezwa mashindano ya Birmingham. Matokeo ya fainali tuliyapata baada ya tarawehe. Jonatan Christie na Anthony Ginting, wote wa Indonesia, walikutana wenyewe kwa wenyewe, na Christie akashinda. Ilikuwa miaka 30 tangu Mwindonesia atwae ubingwa huo wa wanaume. Fajar Alfian na Muhammad Rian Ardianto, wa nchi hiyohiyo, walitetea taji lao la wachezaji wawili wawili. Binti yangu alifurahi kusikia jina la Muhammad likitajwa katika ukumbi wa Uingereza. Bibi yake akauliza la kwake, kisha tukaenda kupika daku.

Katika juma hilo nilimwuliza binti yangu kuhusu mavazi, nikitaraji jibu lake linipe haki. Akanieleza habari niliyokuwa siijui. Mwaka 2011 shirikisho la badmintoni la dunia lilitangaza kwamba wanawake katika mashindano makubwa wavae sketi au gauni, ati mchezo upendeze zaidi machoni pa watazamaji. Wanawake wengi, Waislamu na wasio Waislamu, walipinga. Utekelezaji ukaahirishwa, na mwaka 2012 pendekezo likatupwa kabisa. Tena akanionyesha Soraya Aghaei wa Iran, ambaye katika Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kucheza badmintoni katika michezo hiyo. Alicheza na hijabu yake, na mechi yake moja akaishinda, dhidi ya binti wa Maldives.

Hapo ndipo nilipoanza kujitilia shaka. Ikiwa mavazi hayakuwa kizuizi, mbona moyo wangu ulikuwa bado mzito?

Ilipofika mwisho wa Aprili mvua za masika zilikuwa zimezidi kipimo. Mto Tana ulifurika, na upande wa Garsen familia nyingi zilihama makwao. Huku kwetu kazi ya chumvi, inayotegemea jua na upepo wa kukausha maji ya bahari, ilisimama. Mvua ikinyesha mabwawani, jasho la wiki nyingi huyeyuka likarudi kuwa maji. Shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili hazikufunguliwa hadi tarehe 13 Mei. Nyumba ilikuwa na watu wengi, unga mchache, na simu moja.

Siku hizohizo, kuanzia tarehe 27 Aprili hadi 5 Mei, lilichezwa Kombe la Uber mjini Chengdu, Uchina. Hilo ni kombe la timu za wanawake za mataifa, na lilianza kushindaniwa mwaka 1957. Mwaka huo Afrika iliwakilishwa na jirani zetu. Wanawake wa Uganda walikuwa wametwaa ubingwa wa timu za Afrika mwezi wa Februari jijini Cairo, na kwa ushindi huo wakapata nafasi ya kwenda Chengdu. Binti yangu aliwajua kwa majina wachezaji wa Uganda wa miaka hiyo, kama vile Husina Kobugabe na Fadilah Shamika Mohamed Rafi. Husina na Fadilah! Ni majina tunayowaita wanetu hapa hapa Marereni na Gongoni.

Walipangwa katika kundi moja na Indonesia, Japani na Hong Kong. Ndugu msomaji, hilo si kundi. Ni sawa na kumtia mvuvi wa mtumbwi ashindane na meli. Chengdu iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo tulikuwa tukimaliza swala ya alfajiri na huko tayari kumekucha sana. Waganda walifungwa na Indonesia, wakafungwa na Japani, wakafungwa na Hong Kong. Mimi nilijikuta nikifunika uso kwa ncha ya leso yangu kila walipokosa. Nikasema kwa sauti, "Maskini wee, si wangelibaki kwao tu? Aibu gani hii mbele ya dunia nzima?"

Binti yangu aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mama, wangelibaki kwao, Afrika ingekuwa na nani pale?"

Nilinyamaza. Na katika kunyamaza kule, huku mvua ikipiga mabati, nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekizika.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilisimamishwa siku ya Maulidi kusoma Qur'ani mbele ya watu. Sura yenyewe niliijua vyema. Nilikuwa nikiisoma chuoni kila siku bila kutazama. Lakini nilipoona umati ule, aya zilinitoka. Nikasimama kimya. Watoto wenzangu wakacheka, na watu wazima wachache wakatabasamu. Tulipofika nyumbani mmoja wa wazee wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema, "Huyu asisimamishwe tena. Hatutaki kuchekwa mara ya pili." Alidhani ananisitiri. Sikusimamishwa tena chuoni, na hata shuleni sikunyosha mkono tena. Hadi leo nikiombwa kusoma dua katika kikao cha kina mama, huwa nasingizia kifua.

Ndipo nikalijua jibu la swali la mume wangu. Sikuwa naogopa kisketi, wala safari, wala masomo. Nilikuwa naogopa binti yangu asishindwe mbele ya watu. Nilikuwa nimeivalisha hofu yangu kanzu ya dini ili isiulizwe maswali. Na hilo, ndugu zangu, si jambo dogo, kwa kuwa mwenye kuitumia dini kuficha woga wake huidhulumu dini na humdhulumu mtoto pia.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza maalim wetu wa darsa la wanawake, ingawa si yote. Akatukumbusha ile hadithi ya Mtume wetu (s.a.w.) aliyeshindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bi Aisha alimtangulia. Baadaye, katika safari nyingine, mwili wake ulipokuwa umenenepa, Mtume akamtangulia yeye. Na aliyetusimulia kwamba alitanguliwa ni Bi Aisha mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiliwaza hilo njia nzima. Katika nyumba bora kuliko zote palikuwa na aliyeshinda na aliyeshindwa, wakabadilishana zamu, na hakuna aliyejificha.

Shule zilipofunguliwa nilimwandikia mwalimu barua ya ruhusa. Nikanunua kitambaa cha buluu Malindi nikashona mwenyewe suruali pana na fulana ndefu, na hijabu fupi ya kitambaa chepesi isiyoteleza. Katika kaunti ndogo ya Magarini wasichana waliojitokeza katika mchezo huo walikuwa wachache, naye akapita. Katika kaunti mambo yalikuwa mengine. Alikutana na msichana aliyezoea ukumbi na mwenye kocha wake. Nilikuwa nimekwenda kumtazama, nikakaa nyuma kabisa.

Alifungwa 21–9 na 21–12. Mechi haikufika nusu saa. Kulikuwa na kicheko mahali fulani alipokikosa kinyoya kabisa, akapiga hewa. Kicheko kile kilinipata mimi kifuani, mahali palepale pa siku zote. Nikainuka nusu. Lakini yeye alikiokota kinyoya, akainyoosha manyoya yake kwa vidole, akampa mwenzake aanzishe. Mechi ilipokwisha alivuka akampa mkono, akamwuliza jambo, na yule msichana akamwonyesha namna ya kukunja kifundo cha mkono. Walisimama pale wakizungumza kama watu waliosoma chuo kimoja.

Tulifika Marereni baada ya magharibi. Mavyaa alikuwa kibarazani, taa imewashwa. Habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa kuwa kwetu habari haisubiri matatu. Alisikia hatua zetu akauliza, kama kawaida yake, "Aliyeshindwa yuko wapi?"

"Niko hapa, bibi," binti yangu akajibu. "Nina njaa."

Mavyaa akacheka hadi tambuu ikamtoka. Tukaingia tukala wali na samaki wa kukaanga, na usiku huo hakuna aliyezungumza habari ya aibu.

Mwezi wa Agosti tulitazama pamoja Olimpiki ya Paris. Tarehe 4, katika nusu fainali, Carolina Marin wa Uhispania, bingwa wa Olimpiki ya mwaka 2016, alikuwa ameshinda seti ya kwanza na akiongoza ya pili dhidi ya He Bingjiao wa Uchina. Goti likamsaliti. Alianguka, akajaribu kuendelea, hakuweza, akatoka ukumbini akilia. Ni mwanamke aliyekwisha kuumia magoti yote mawili hapo nyuma na kurudi kila mara. Siku ya pili An Se-young alimfunga He Bingjiao katika fainali akatwaa dhahabu. Bibi aliposimuliwa akauliza swali lake, na safari hii mjukuu alikuwa na picha ya kumweleza: He Bingjiao, aliyeshindwa fainali, alipanda jukwaani kupokea medali yake ya fedha akiwa ameshika mkononi beji ndogo ya Uhispania, kwa heshima ya Marin ambaye hakuweza kuwapo. Mavyaa alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Basi huyo ndiye aliyenijibu."

Desemba msimu ulikwisha mjini Hangzhou, Uchina, ambako Wang Zhiyi wa Uchina alishinda fainali za mwaka upande wa wanawake. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma huku kwetu, mabwawa yakaanza kuota weupe, na vibarua vya mume wangu vikarudi. Binti yangu ameushusha wavu wake kutoka juu ya kabati. Hucheza asubuhi baada ya alfajiri, kabla upepo haujaamka, na wadogo zake humwokotea vinyoya.

Kina mama wenzangu, sisemi kila binti acheze badmintoni. Nasema tu kwamba kabla hatujamwambia mtoto hapana, tujiulize kwa ikhlasi hapana hiyo imetoka wapi: imetoka katika mipaka ya Mola wetu, au imetoka katika jeraha letu la zamani? Mipaka ya Mola tuishike bila kuona haya. Jeraha tulitibu wenyewe, tusiwarithishe watoto.

Nami nimeanza kulitibu langu. Alhamisi iliyopita, katika kikao cha kina mama, niliombwa kusoma dua. Sikusingizia kifua. Nilikosea mahali pawili, bibi mmoja akanisahihisha, nikaendelea hadi mwisho. Niombeeni, nami nawaombea nyinyi na watoto wenu. Wabillahi tawfiq.